Kazi ya Kwanza ya Malipo: Mambo ya Kuzingatia kwa Mpiga Picha Anayeanza Mkoani Mtwara

Na Mwandishi Wetu, Mtwara

Minada ya korosho inapoanza mwezi Oktoba, shughuli za kijamii katika Mkoa wa Mtwara huongezeka. Familia zilizokuwa zikisubiri malipo ya mazao hupanga harusi, shule huhitimisha mahafali, na vikundi vya wavuvi, wakulima na wajasiriamali hukutana kutathmini mwaka. Katika Manispaa ya Mtwara-Mikindani na katika vijiji vya pwani kuanzia Msangamkuu hadi Msimbati na maingilio ya Mto Ruvuma, vijana wengi waliojifunza kupiga picha kwa simu janja au kwa kamera ya kuazima hupata katika kipindi hiki ombi lao la kwanza la kazi ya malipo.

Ombi hilo ni fursa ya ajira, lakini pia ni dhamana. Anayepiga picha kwa kujifurahisha anaweza kurudia kesho kile kilichomshinda leo. Aliyelipwa hana nafasi hiyo, kwa kuwa ndoa hufungwa mara moja, cheti hukabidhiwa mara moja, na mzee aliyesafiri kutoka Newala au Masasi kuja kumwoza mjukuu wake huenda asipatikane tena mbele ya kamera. Kwa sababu hiyo, maandalizi ya kazi ya kwanza yanastahili kuanza siku nyingi kabla ya tukio. Makala haya yanaeleza hatua za msingi ambazo mpiga picha anayeanza anapaswa kuzifahamu, pamoja na taratibu za kisheria zinazomhusu.

Kuielewa kazi kabla ya kutaja bei

Kosa ambalo wapiga picha wanaoanza hulifanya mara nyingi ni kutaja bei kabla ya kujua ukubwa wa kazi. Neno "harusi" peke yake halitoshi. Katika pwani ya Mtwara harusi inaweza kuwa na shughuli ya wanawake siku moja kabla, kufunga ndoa msikitini au kanisani, chakula nyumbani kwa wazazi, na sherehe ya ukumbini inayoendelea hadi usiku. Kila shughuli ina mahali pake, mwanga wake na masharti yake.

Inashauriwa mpiga picha akutane na mteja, au mwakilishi wa kamati ya harusi, na kupata majibu ya maswali yafuatayo: shughuli ni ngapi na kila moja inaanza saa ngapi, ni watu gani ambao lazima waonekane katika picha, je, zinahitajika picha za mnato pekee au na picha jongefu, mteja anataka picha ngapi, zikiwa zimesafishwa kwenye karatasi au zikiwa faili, na zinatakiwa lini. Ni vyema pia kuuliza ni nani atakayetoa uamuzi siku ya tukio, kwa kuwa bwana harusi na bibi harusi hawatakuwa na nafasi ya kujibu maswali.

Orodha ya picha za lazima iandikwe na ipitiwe na familia. Ndugu mmoja mwenye sauti katika familia, kwa mfano shangazi au mjomba, aombwe kusaidia kuwakusanya watu wakati wa picha za pamoja. Mpiga picha mgeni hawezi kumtambua baba mdogo wa bibi harusi katika umati wa watu mia tatu, lakini familia itakumbuka kwa muda mrefu kwamba hakupigwa picha.

Hatua inayofuata ni kutembelea eneo, ikiwezekana katika saa ileile ambayo tukio litafanyika. Huko mpiga picha ataona mwanga unaingilia upande gani, swichi za umeme ziko wapi na atasimama wapi bila kuwaziba wageni. Iwapo kazi inahusisha kuvuka maji kwenda Msangamkuu, ratiba ya kivuko iulizwe mapema, pamoja na njia ya kurejea usiku.

Gharama na bei

Bei inayotajwa kwa kubahatisha humwacha mpiga picha akifanya kazi kwa hasara bila kujua. Chukulia mfano ufuatao, ambao tarakimu zake ni za kuonesha hesabu tu na si bei elekezi. Mpiga picha anakodi kamera ya pili na lenzi kwa shilingi 60,000; usafiri wa kwenda na kurudi ni shilingi 30,000; msaidizi analipwa shilingi 30,000; bando la intaneti na flashi ya kukabidhia picha ni shilingi 25,000; chakula ni shilingi 10,000; na shilingi 20,000 zinatengwa kwa ajili ya matengenezo ya vifaa. Jumla ni shilingi 175,000.

Iwapo ametoza shilingi 200,000, anabaki na shilingi 25,000. Hata hivyo, kazi yake si ya siku moja. Baada ya siku ya tukio huja siku tatu za kuchagua na kurekebisha picha, hivyo amefanya kazi siku nne kwa shilingi 6,250 kwa siku. Akitoza shilingi 350,000, anabaki na shilingi 175,000, sawa na shilingi 43,750 kwa siku. Kwa bei hiyo, malipo ya awali ya nusu yanatosha kugharimia matumizi yote ya kazi, na mpiga picha halazimiki kukopa ili kumhudumia mteja.

Anayeanza anaweza kuamua kutoza kiasi kidogo ili ajenge jina. Uamuzi huo ni halali mradi aufanye akijua gharama zake. Pia amweleze mteja kwa uwazi kwamba hiyo ni kazi yake ya kwanza ya malipo na amwoneshe picha alizowahi kupiga, ili matarajio ya pande zote mbili yalingane.

Makubaliano ya maandishi

Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inatambua makubaliano yanayofanywa kwa hiari na watu wenye sifa za kuingia mkataba. Karatasi moja iliyoandikwa kwa Kiswahili chepesi na kusainiwa na pande zote mbili inatosha kwa kazi nyingi za aina hii. Karatasi hiyo itaje majina ya wahusika, tarehe na maeneo ya kazi, muda wa kuanza na kumaliza, idadi ya picha, tarehe ya kukabidhi, bei, malipo ya awali na siku ya kumalizia salio. Ieleze pia kitakachofanyika iwapo tukio litaahirishwa, au iwapo mpiga picha ataugua na kulazimika kumleta mwenzake.

Kipengele kinachosahaulika mara nyingi ni matumizi ya picha baada ya kukabidhiwa. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inazitambua picha miongoni mwa kazi zinazolindwa, na ulinzi huo huanza pale kazi inapoundwa. Kwa upande mwingine, sura zilizomo katika picha ni za watu wenye faragha yao. Ili kuepusha mgogoro, makubaliano yaseme wazi ni nani atamiliki hakimiliki, kama mteja anaruhusiwa kuzitumia picha kibiashara, na kama mpiga picha anaruhusiwa kuzitumia kujitangaza. Ufafanuzi kuhusu hakimiliki na urasimishaji wa kazi hutolewa na Ofisi ya Hakimiliki Tanzania (COSOTA).

Malipo yapokelewe kwa njia inayoacha kumbukumbu, na mteja apewe stakabadhi. Kumbukumbu hizo humsaidia mpiga picha katika hesabu za kodi, na humsaidia pia iwapo mgogoro utafikishwa katika Mahakama ya Mwanzo.

Usajili, kodi na leseni

Mtu anayekusudia kuifanya kazi hii kuwa chanzo cha kipato anapaswa kuwa na Namba ya Utambulisho wa Mlipakodi (TIN), inayotolewa na Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) bila malipo. Mwombaji hutumia namba yake ya Kitambulisho cha Taifa. Anayetaka kutumia jina la biashara tofauti na jina lake hulisajili kwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni (BRELA) kwa njia ya mtandao. Kuhusu leseni ya biashara, Afisa Biashara wa halmashauri husika ndiye anayetoa mwongozo wa aina na ada inayostahili.

Usajili huu una manufaa ya moja kwa moja. Taasisi nyingi, zikiwemo za umma, haziwezi kumlipa mtoa huduma asiye na TIN, na zabuni za Serikali hupitia mfumo wa kielektroniki wa NeST, ambao huhitaji mzabuni aliyesajiliwa. Mpiga picha anayepata kazi ya taasisi aulize mapema iwapo malipo yake yatakatwa kodi ya zuio, ili kiasi atakachopokea kisimshangaze. Kwa wanaokosa mtaji wa vifaa, halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Maelezo ya kujiunga hutolewa na Afisa Maendeleo ya Jamii.

Iwapo kazi yenyewe ni ya kihabari, yaani kupiga picha kwa ajili ya chombo cha habari, mhusika azingatie masharti ya ithibati yaliyowekwa na Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016, yanayosimamiwa na Bodi ya Ithibati ya Waandishi wa Habari.

Ridhaa, heshima na faragha

Hapa ndipo kazi ya kwanza inaweza kumjengea mpiga picha heshima ya kudumu au kumharibia kabisa. Katika harusi nyingi za Kiislamu za pwani, shughuli ya wanawake hufanyika faraghani, na bibi harusi hufunua nywele na mapambo yake mbele ya wanawake wenzake tu. Mpiga picha wa kiume asichukulie kuwa malipo yanampa ruhusa ya kuingia. Utaratibu unaofaa ni kumshirikisha mpiga picha wa kike, na kukubaliana kwamba picha za shughuli hiyo zitakabidhiwa kwa bibi harusi au mtu atakayemteua, na hazitawekwa mtandaoni. Wanawake wanaojifunza kazi hii wana soko kubwa katika eneo hilo.

Tahadhari kama hiyo inahitajika katika unyago na jando. Yapo mambo ya mila hizo ambayo hayakusudiwi kuonwa na asiyepitia, na wazee pamoja na makungwi ndio wenye kauli kuhusu kipi kipigwe picha na kipi kiachwe. Ngoma zinazochezwa hadharani, kwa mfano katika tamasha la MaKuYa linalobeba majina ya Wamakonde, Wamakua na Wayao, ni suala tofauti, ingawa hata hapo ni uungwana kumuuliza mchezaji kabla ya kumsogelea kwa kamera.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei, 2023, imeweka misingi ya ukusanyaji na matumizi ya taarifa zinazoweza kumtambulisha mtu, na utekelezaji wake unasimamiwa na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Kwa mpiga picha, msingi wa kuzingatia ni huu: mtu aelezwe picha yake itatumika wapi, akubali, na isitumike kwa jambo jingine bila yeye kujua. Mama anayekusanya pweza maji yanapokupwa anaweza kukubali kupigwa picha kwa ajili ya taarifa ya mradi, na kukubali huko kusihesabiwe kuwa ruhusa ya kuiweka sura yake katika tangazo la hoteli.

Kwa watoto, yaani watu wenye umri chini ya miaka 18, ridhaa ya mzazi au mlezi ipatikane kabla ya picha kutumika hadharani. Katika shule, mkuu wa shule ahusishwe. Wagonjwa na watu waliofikwa na misiba wasipigwe picha kwa kushtukizwa.

Maeneo yanayohitaji kibali

Mtwara ni mkoa wa mpakani wenye bandari, uwanja wa ndege na miundombinu ya gesi asilia, ikiwemo visima vya Ghuba ya Mnazi huko Msimbati na mtambo wa kuchakata gesi wa Madimba. Maeneo hayo, pamoja na vituo vya ulinzi na usalama na vivuko vya mpakani kama Kilambo, hayapigwi picha bila idhini ya mamlaka husika. Mpiga picha anayepita huko akielekea kazini aiweke kamera ndani ya mfuko. Akiwa na kazi halali karibu na maeneo hayo, abebe barua ya mteja na ajitambulishe kwanza katika ofisi ya kijiji.

Ufukwe wa Msimbati, ambao hupendwa kwa picha za maharusi, uko ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyotangazwa mwaka 2000 na yenye ukubwa wa takriban kilomita za mraba 650. Hifadhi hiyo ina mikoko, matumbawe na vijiji vyenye wakazi. Kabla ya kupanga kazi ya biashara ndani yake, mpiga picha afike katika ofisi ya hifadhi kupata maelekezo kuhusu ada na vibali. Mikindani, mji wa kale ulio kilomita zipatazo 10 kutoka Mtwara mjini, una Boma lililojengwa na Wajerumani mwaka 1895 na nyumba za mawe za zamani. Nyingi kati ya hizo zina wenyewe, hivyo ruhusa iombwe kabla ya kuingia uani.

Matumizi ya ndege nyuki yanahitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania (TCAA). Mpiga picha asimwahidi mteja picha za angani kabla ya kibali kupatikana.

Vifaa, mwanga na hali ya pwani

Kwa kazi isiyorudiwa, kila kifaa muhimu kiwe na mbadala: betri mbili au zaidi zilizojaa chaji, kadi za kumbukumbu mbili au zaidi, na kamera ya pili hata kama ni ya kukodi. Kifaa cha kukodi kichukuliwe siku moja au mbili kabla, ili mtumiaji akizoee. Saa za kamera zote zirekebishwe zifanane, jambo linalorahisisha kupanga picha kwa mfuatano wa matukio.

Mwanga wa Mtwara una tabia zake. Mji uko takriban nyuzi 10 kusini mwa Ikweta, hivyo katika wiki ya tatu ya Oktoba na tena katika wiki ya tatu ya Februari jua la adhuhuri hupita utosini. Wakati huo kivuli cha paji la uso hufunika macho na picha hazipendezi. Picha za pamoja zipangwe kabla ya saa 3 asubuhi au baada ya saa 10 alasiri. Ikilazimu kupiga adhuhuri, watu wapelekwe chini ya mwembe au baraza, wote wakiwa kivulini. Mwezi Oktoba jua huzama karibu saa 12 na robo jioni na giza huingia haraka, kwa hiyo msafara ukichelewa nusu saa, mwanga mzuri wa jioni unaweza kupotea wote.

Kamera hupima mwanga kwa kudhani kuwa eneo zima lina mng'ao wa wastani. Gauni jeupe, mchanga mweupe au bahari inayometa huidanganya, nayo hupunguza mwanga na kuzifanya nyuso ziwe nyeusi kuliko zilivyo. Mpiga picha aongeze mwanga kidogo na kuangalia picha za kwanza: ngozi ionekane kwa rangi yake halisi, na nakshi za gauni zisipotee. Jambo hili lifanyiwe mazoezi nyumbani kwa kumpiga picha ndugu aliyevaa nguo nyeupe juani na kivulini.

Kwa kazi za ufukweni, jedwali la maji lisomwe mapema. Wakati wa bamvua, siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti ya kujaa na kupwa kwa maji katika pwani hii huzidi mita 3, na saa za kujaa husogea mbele kwa takriban dakika 50 kila siku. Mchanga uliokuwa mpana siku ya ukaguzi unaweza kuwa chini ya maji siku ya kazi. Chumvi na mchanga unaopeperushwa na upepo huharibu kamera, hivyo lenzi isibadilishwe ufukweni, na vifaa vifutwe kwa kitambaa chenye unyevu kidogo baada ya kazi. Mtu anapotoka katika chumba chenye kiyoyozi, unyevu wa pwani huganda juu ya kioo cha lenzi. Kamera ikiachwa ndani ya mfuko uliofungwa kwa dakika 20 hadi 30, hupata joto la nje taratibu na tatizo hupungua.

Kutunza na kukabidhi picha

Kazi haijakamilika wageni wanapoondoka. Usiku uleule picha zihamishiwe katika kompyuta mpakato na nakala ya pili iwekwe katika diski ya nje, na kadi zisifutwe hadi mteja atakapopokea kazi yake. Nakala moja ihifadhiwe katika nyumba nyingine au katika hifadhi ya mtandaoni, ili wizi au moto usiteketeze kila kitu kwa pamoja. Picha zenye ubora kamili zikabidhiwe kwa flashi au kiungo cha kupakulia, kwa kuwa picha zinazotumwa kwa kawaida kupitia WhatsApp hupunguzwa ukubwa na hazifai kusafishwa kwa albamu kubwa.

Utunzaji huu una thamani kubwa kuliko mauzo ya siku moja. Capital Art Studio ya Zanzibar, iliyoanzishwa mwaka 1930 na Ranchhod Oza, ilihifadhi picha za harusi, viongozi na mitaa ambazo leo ni kumbukumbu ya visiwa hivyo. Mohamed Amin, aliyekulia Dar es Salaam, alianzisha Camerapix jijini humo mwaka 1963 akiwa na umri wa miaka ipatayo 20, na picha zake zimekuwa sehemu ya kumbukumbu ya historia ya Afrika Mashariki. Wote wawili walifanya kazi kwa malipo ya wateja wa siku zao.

Mpiga picha akikabidhi kazi kwa tarehe aliyoahidi, apokee salio, atoe stakabadhi na amuulize mteja ni wapi pa kuboresha. Iwapo kuna ucheleweshaji, mteja ajulishwe kabla tarehe haijafika.

Wananchi wa Mtwara wanaohitaji ufafanuzi kuhusu leseni, mikopo ya vikundi na shughuli za utamaduni wanashauriwa kufika katika ofisi za Afisa Biashara, Afisa Maendeleo ya Jamii na Afisa Utamaduni wa halmashauri zao. Masuala ya TIN yapelekwe katika ofisi ya TRA iliyo karibu. Kwa kuwa msimu wa sherehe huanza mara tu malipo ya korosho yanapotoka, miezi ya Agosti na Septemba ndiyo inayofaa kwa kukamilisha taratibu hizo.